Siku Chiriku Alipoonjeshwa Yai

Simu iliita wakati Mama Chiriku amezamisha mikono kwenye donge la mkate hadi karibu na viwiko. Saa za kukanda huwa hapokei simu ya mtu, hata ya mumewe, kwa maana donge nalo lina kiburi chake, ukiligeuzia kisogo linanuna. Lakini Tanuri, yule mzee aliyekuwa na kazi ya kuangalia moto na kutoa trei katika duka lile la mikate, aliichungulia simu pale rafuni akasema, "Ni hospitali."

"Niwekee sikioni, baba."

Alikuwa daktari wa watoto, yule mama mwenye sauti ya taratibu. Alisema majibu ya Chiriku yametoka. Damu yake imetulia kuliko mwaka uliopita, na ngozi ilipochomwa kwa kipimo haikuvimba kama zamani. "Kwa hiyo nataka tumjaribu yai," alisema.

"Yai," Mama Chiriku alirudia, kama mtu aliyeambiwa amlishe mwanawe kaa la moto.

"Si yai tupu. Ni yai lililookwa ndani ya keki mpaka likaiva kabisa. Watoto wengi wasiopatana na yai hulivumilia likipikwa hivyo. Tutafanya hapa hospitali, mbele ya macho yetu, na dawa za dharura zikiwa tayari. Nyumbani usijaribu hata kidogo. Sasa, keki sisi hatuna, mzazi huja nayo. Nikakumbuka kwamba wewe hiyo ndiyo kazi yako."

Simu ilipokatika, Mama Chiriku alikaa juu ya gunia la unga. Donge aliliacha linune linavyotaka.

"Nani amekufa?" Tanuri aliuliza.

"Hajafa mtu. Nimeambiwa nimwokee mwanangu keki."

Tanuri alitazama huku na huku. Keki zilikuwa zimejaa kila upande, juu ya meza, kwenye rafu, dirishani zikipoa. "Keki," alisema. "Wewe si unaoka keki kila siku ya Mungu?"

"Za watu," Mama Chiriku alijibu, na machozi yakamtoka huku anacheka, hata mwenyewe hakujua lipi limetangulia.

Ili mtu aelewe furaha ile, lazima ajue walikotoka. Chiriku alikuwa na miaka sita. Jina hilo alipachikwa na baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyesema mashine yake ya kukatia nondo ina kelele kidogo kuliko bintiye. Mtoto alikuwa akiamka anaongea, anakula anaongea, na usingizi ukimkuta humkuta katikati ya sentensi. Ila mwili wake haukuwa na raha kama ulimi wake. Tangu mchanga ngozi yake ilikuwa kavu, inakwaruza, na ukurutu ulimshika nyuma ya magoti na kwenye vikunjo vya mikono, akajikuna mpaka shuka ikapata madoa ya damu. Halafu, kabla hajatimiza mwaka, alitambaa akafikia kijiko ambacho mama yake alikuwa amepigia mayai, akakilamba. Kufumba na kufumbua uso wote ulivimba, macho yakapotea, na pumzi ikaanza kupiga mluzi. Walimkimbiza hospitali ndani ya gari la jirani, baba yake amempakata kifuani, kila wakati anamwambia, "Lia, mwanangu, lia nikusikie." Mungu bariki, alilia.

Tangu siku hiyo yai halikuvuka kizingiti chao. Mama Chiriku alioga kazini kabla ya kurudi, akabadilisha nguo, akafunga nywele kwa kitambaa kingine. Akifika nyumbani alinukia sabuni tupu. Mtoto wa mwokaji hakujua keki za mama yake zina ladha gani. Nyumbani alipikiwa mkate wa ndizi usio na yai, akaambiwa nao ni keki, naye akakubali kwa ukarimu.

Na lawama nazo hazikukosa mlango. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa mshona mapazia, mwanamke mwenye moyo mweupe na ulimi usio na breki. Huyo alikata shauri mapema. "Mwana hutazama kisogo cha nina," alisema. "Kwetu sisi hakuna mtu anayevimbishwa na chakula. Hili limetoka upande wenu, wifi yangu, nalisema kwa upendo."

Mama Chiriku hakumbishia, kwa sababu alikuwa akiamini hivyo yeye mwenyewe. Utotoni alikuwa na pumu. Mikono yake, kila hali ya hewa ikibadilika, ilipasuka na kuwasha. Akitazama vile vidole vyake na kisha magoti ya mtoto, alijiona kama mtu aliyemrithisha mwanawe deni ambalo hakulikopa.

Ulimi wa wifi ndio uliokuja kumfungulia mzigo huo. Ilikuwa siku ya kwanza kwa daktari huyu, Chiriku ana miaka mitatu. Baba mtu alikuwa juu ya paa la watu anachomelea mabomba, akamwomba dada yake amsindikize mkewe. Wifi alikubali haraka, amejifunga kilemba kama anakwenda kutoa ushahidi mahakamani. Daktari aliuliza ni nani katika familia ana pumu, ukurutu, au mafua yasiyokwisha. Mama Chiriku alisema ya kwake yote kwa sauti ndogo. Kisha daktari akauliza upande wa baba.

"Upande wetu hakuna," wifi alisema.

"Hata mafua?"

"Mafua ya nini. Kaka yangu hupiga chafya kila asubuhi, kumi, kumi na tano, lakini hiyo ni desturi ya nyumba yetu. Marehemu baba naye alikuwa hivyo. Majirani walijua kumekucha kwa chafya zake."

Daktari alimtazama kwa heshima. "Endelea, mama."

"Baba alikuwa mtu wa afya, hakuwahi kulala kitandani kwa ugonjwa. Alichokuwa hakipendi ni paka. Paka akiingia chumbani macho yanamvimba kwa hasira."

"Kwa hasira."

"Ndiyo. Na kifua kinambana, hasira hizohizo."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi sina kitu. Ila nikikata pazia la sufu mikono inaniwasha, nalala nimevaa soksi mikononi. Lakini hiyo ni kazi."

Daktari alikuwa ameinamisha kichwa, na Mama Chiriku alijiuma mdomo. Wifi alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia moja moja, kama nguo zinazodondoka kutoka kwenye kamba.

"Ngoja kwanza," alisema.

Hapo daktari aliwaeleza, wala hakuwaeleza kwa kuwafokea. Alisema hakuna wa kulaumiwa. Katika ukoo wote uliotajwa hapakuwa na mtu mwenye mzio wa yai, kwa hiyo mtoto hakurithi mzio wa yai. Alichorithi ni mwelekeo. Jeni zinazohusika ni nyingi, nyingine za mama, nyingine za baba. Zipo zinazofanya ngozi isizibe vizuri, iwe kama ukuta wenye nyufa, vitu vikapenya. Zipo zinazofanya askari wa mwili washtuke ovyo, waone yai wapige king'ora kama wameona jambazi. Kwa mwingine wanashtukia vumbi, kwa mwingine manyoya ya paka.

"Mtoto mwenye mzazi mmoja wa namna hii, hatari yake inaongezeka," alisema. "Akiwa na wawili, inaongezeka zaidi. Lakini kuongezeka siyo kuandikiwa. Nina watoto wa wazazi kama nyinyi ambao hawajapata hata kipele. Na wengi wenye mzio wa yai, wakikua, mwili unajifunza kunyamaza."

Mlangoni, wakitoka, wifi alimshika Mama Chiriku mkono. "Wifi," alisema, "nyani haoni kundule. Nisamehe."

Na kwa kuwa hakujua kufanya jambo nusu nusu, alihamia upande wa pili wote. Alipigia simu ndugu wa kila pembe kuwauliza nani anawashwa, nani anapiga chafya, nani anakohoa akifagia. Mtu akikana alimbana mpaka akiri. Baada ya muda alikuwa akijivuna. "Pua hii ya Chiriku," aliwaambia wateja huku akipima madirisha yao, "ni ya ukoo wetu kabisa, haina mchanganyiko."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa hali, mpaka simu ya daktari ilipoita.

Palikuwa na jambo jingine ambalo Mama Chiriku na mumewe walikuwa hawajamwambia mtu. Alikuwa mjamzito, mimba bado changa. Kwa muda mrefu walikuwa wameogopa kupata mtoto wa pili. "Nikimwona tena mtoto amevimba vile," mumewe aliwahi kusema, "moyo wangu hauna mahali pa kuliweka jambo hilo." Sasa aliposikia habari ya keki, fundi huyu wa chuma alivua miwani yake ya kazi, akaivaa, akaivua tena, akasema, "Kwa hiyo huenda akapona." Mkewe alimshika shavu lenye masizi, nao wakabaki wamesimama katikati ya karakana wakichekeana kama wachumba.

Siku ya kuoka mwanamke huyo alikuwa hakai, hasimami. Vipimo vya keki alivyopewa na daktari vilikuwa rahisi, hata mtoto wa shule angeviweza: unga kiasi fulani, mafuta, sukari, yai likapigwa sawasawa ili kila keki ndogo ipate sehemu yake, kisha tanuri lenye moto wa kutosha mpaka kati pakauke. Keki za kwanza zilizama katikati. Za pili ziliungua. Za tatu alizitoa, akazipasua kwa kidole kutafuta mahali palipobaki na majimaji, akapasua mpaka zikawa makombo.

"Umeoka maelfu," Tanuri alisema, akiyakusanya makombo kuyatia mdomoni. Hakuna kilichokuwa kinapotea mbele yake. "Leo kimekupata nini?"

"Zile watu wakizichukia wananirudishia tu. Hii," alisema, akashindwa kumalizia.

Mzee alimeza. "Basi keti. Moto niachie mimi, ndiyo kazi niliyoisomea bila kwenda shule. Wewe changanya, kisha usichungulie."

Alichanganya, akakaa, akageuza uso ukutani. Tanuri alikaa mbele ya mlango wa tanuri kama mlinzi. Alipozitoa zilikuwa zimeumuka sawasawa, za rangi ya dhahabu, zimekauka hadi ndani, na harufu yake ikamfanya Mama Chiriku afumbe macho. Alizioka hizo kwa ajili ya mwanawe, akazifunga vizuri ndani ya boksi.

Asubuhi ya siku yenyewe waliondoka wote wanne. Baba alishika boksi la keki kwa mikono miwili, akitembea kama aliyebeba kioo. Wifi, ambaye hakualikwa wala hakukatazwa, alikuja na mkoba wenye kanga, maji, na nguo za akiba.

Chumba kilikuwa cheupe, kitanda kina godoro la kufutika, ukutani wamechorwa samaki wa rangi. Muuguzi alimfungia Chiriku kifaa kidoleni cha kuangalia mapigo ya moyo na pumzi, akamsikiliza kifua, akamkagua ngozi mgongo na tumbo. Pembeni, juu ya meza ndogo, sindano ya dharura ilikuwa imeandaliwa. Chiriku aliiona. Tangu waingie alikuwa hajasema neno hata moja, na kimya chake kilimtisha mama yake kuliko sindano.

"Mama," hatimaye alisema, "hii keki si ina ile kitu ya kunivimbisha?"

"Ina kidogo. Imepikwa sana. Daktari anataka kuona kama mwili wako umeshaizoea."

"Wewe unaogopa?"

Mama Chiriku alifikiri kumdanganya, akaona haifai. "Naogopa kidogo. Lakini nimefurahi kuliko ninavyoogopa."

Chiriku alilipima hilo, akatoa ulimi.

Chembe ya kwanza aliyowekewa na daktari ilikuwa ndogo kama punje ya mchele. Ililala kwenye ulimi, ikaingia ndani, na watu wazima watano walisimama wakimtazama mtoto mmoja akimeza. Hakuna kilichotokea. Walisubiri. Baba alikuwa amekunja ngumi mbili, wifi anasogeza midomo bila sauti. Muuguzi alisikiliza kifua, akaitikia kwa kichwa kwamba shwari. Ikaja chembe ya pili, kubwa zaidi, kama harage. Wakasubiri tena. Chiriku aliuliza kwa nini samaki wale ukutani hawana mapezi ya nyuma, na mama yake akahisi mabega yanamshuka: ulimi umerudi.

Ilipotolewa sehemu ya tatu, kipande cha kutosha kutafunwa, alama nyekundu ilichomoza kidevuni.

Kiti cha baba kilianguka chali. Muuguzi alikwishakuwa kando ya meza, mkono juu ya dawa. Mama Chiriku alimwona tena yule mtoto wa kijiko, macho yanapotea, na damu ikamkimbia usoni. Lakini daktari hakukimbia. Aliinama, akamulika kwa tochi mdomoni, akasikiliza kifua mbele na nyuma.

"Inakuwasha?"

"Kidogo."

"Koo je? Tumbo?"

"Hapana. Nina kiu."

"Meza mate nione. Sasa nihesabie mpaka ishirini kwa sauti."

Chiriku alihesabu mpaka ishirini, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, akaendelea hadi arobaini. Sauti ilikuwa safi. Daktari alimpangusa kidevu kwa kitambaa chenye maji. "Makombo yamegusa ngozi tu," alisema. "Ngozi yake bado ni nyepesi. Tutazame."

Walitazama. Mama Chiriku hakupepesa. Ile nyekundu ilikaa, ikakaa, kisha ikaanza kufifia kutoka pembeni, kama doa la maji linavyokauka kwenye nguo, mpaka akawa hajui tena ilikuwa upande gani. Mumewe alikiinua kiti taratibu, akakikalia kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kiti nacho kina mzio.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji ya mteremko. Kipande kikaja, kikaisha, kikaja kingine, na Chiriku akawa anaeleza anachoona, anachosikia tumboni, na kwamba kiti cha daktari kinalia. Keki yote ikaisha. Walikaa muda mrefu wakimwangalia, muuguzi anakuja na kurudi, na mwili wa mtoto ukabaki umenyamaza. Mdomo ndio uliokataa kunyamaza.

"Haya," daktari alisema, "tumemaliza. Amefaulu."

Wifi alijifunika uso kwa kanga aliyoileta akalia kwa kwikwi. Baba alitoka nje ya mlango, wakamsikia anapiga chafya mfululizo huko ukumbini, chafya za mtu asiyetaka kuonekana analia. Mama Chiriku alimkumbatia bintiye, akamuuliza kile alichokuwa akitamani kumuuliza miaka yote. "Ilikuwaje, mwanangu? Keki ya mama ilikuwaje?"

Chiriku alifikiri kwa haki. "Si mbaya," alisema. "Lakini ile ya ndizi ndiyo tamu."

Mama Chiriku alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Muuguzi naye akacheka. Wifi akatoa uso kwenye kanga. "Ulimi huo nao ni wetu," alisema. "Na hata kupona, daktari, andika kumetoka kwetu. Sisi tunachelewa, lakini tunapona."

Daktari aliwapa masharti: keki ya namna ile aile mara kwa mara, mwili usisahau. Yai la kukaanga au la kuchemsha bado, mpaka jaribio jingine. Dawa ya dharura isiachwe nyumbani. Mama Chiriku alisikiliza kila neno, halafu akasema jambo ambalo hakupanga kulisema mbele ya wifi.

"Daktari, na huyu aliye tumboni?"

Wifi aligeuka polepole. Mdomo ulifunguka, na ajabu ya siku ile, hakikutoka kitu.

"Huenda naye akawa na mwelekeo huo," daktari alisema. "Nyumba yenu inajulikana. Huenda asiwe nao. Akizaliwa mtakuwa mnaitazama ngozi yake, na ikianza kukwaruza mtamleta mapema. Na yai msimfiche. Akifika wakati wa kuanza chakula, mje, tutamwanzishia hapa au tutawaambia namna. Safari hii hatukai kungoja."

Mtoto alizaliwa wa kiume. Kweli, kabla hajaweza kukaa, mabaka makavu yalitokea mashavuni. Mwaka aliozaliwa Chiriku wangetazamana kwa hofu. Safari hii walimfunga kanga, wakampeleka, akapewa mafuta ya kupaka na dawa ya ngozi, mashavu yakalainika. Alipoanza kufungua mdomo kila akiona kijiko, daktari alimpima, akasema njia ni nyeupe, alishwe nyumbani.

Yai lilichemshwa kwenye sufuria jipya, jikoni, mlango umefungwa. Mama Chiriku alilisaga laini, baba amempakata mtoto. Chiriku, ambaye hakuruhusiwa kusogelea yai la namna hiyo, alisimama nje ya dirisha la jikoni na simu ya baba yake sikioni, akimtangazia shangazi kila kitu kama mtangazaji wa mpira.

"Kijiko kinakuja, shangazi. Mama anapuliza. Ameweka kwenye mdomo. Amekunja uso, shangazi, amekunja uso sana. Ngoja. Anatafuna hana meno. Amemeza." Alichungulia, pua imebanwa kwenye kioo. "Hajavimba. Bado hajavimba. Sasa amefungua mdomo anataka tena, na baba anasema subiri, na yeye hataki kusubiri. Shangazi, upo? Mbona unalia, mimi sijamaliza."